Ruhusa za Watumiaji na Domeini Kwenye Mtandao wa Ofisi: Mwongozo Kamili kwa Aliyekwama

Swali ni lile lile, liwe limetoka chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku Urambo, duka la pembejeo Nzega au shule binafsi ya Tabora mjini: "Kompyuta nimeiunganisha na domeini, mhasibu nimempa ruhusa, lakini akibofya folda anaambiwa hana ruhusa. Nifanyeje?" Na jibu likichelewa, muulizaji hujitibu mwenyewe. Anachagua "Everyone", anaweka tiki kwenye "Full Control", folda inafunguka, kazi inaendelea. Mwezi haujaisha, orodha ya mishahara inazunguka kwenye simu za ofisi nzima.

Domeini ni utaratibu wa kuziweka akaunti, kompyuta na ruhusa zote za ofisi chini ya usimamizi wa seva, yaani kompyuta kuu inayozihudumia nyingine. Mwongozo huu unaihusu ofisi yenye seva moja au mbili za Windows na kompyuta kuanzia tano hadi hamsini hivi. Fuata hatua kwa mpangilio wake, hata kama unaona ya kwanza ni ya kitoto. Wengi wanaolia hatua ya saba, ugonjwa wao uko hatua ya tatu au ya nne.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa kitu

- Seva yenye Windows Server ambayo bado inapata masasisho: 2019, 2022 au 2025. Toleo la 2012 R2 liliachwa Oktoba 2023, usijenge kitu kipya juu yake. Hakikisha pia una leseni za watumiaji, zile zinazoitwa CAL.
- Kompyuta za wafanyakazi zenye Windows Pro, Enterprise au Education. Windows Home haiingii kwenye domeini, hata ufanyeje. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `winver`, usome. Laptop nyingi za dukani zinakuja na Home. Si lazima uifute na kuanza upya, kwani ufunguo halali wa Pro unaipandisha hapo hapo ilipo.
- UPS, yaani betri ya akiba, ya seva, na nyingine ya swichi na ruta. Umeme ukikatika seva ikabaki hai lakini swichi ikazimika, kwa mfanyakazi ni yale yale.
- Diski ya nje ya kuhifadhia nakala.
- Betri chache za CR2032. Sababu utaiona hatua ya nne.
- Orodha ya wafanyakazi na vyeo vyao, iliyosainiwa na meneja.

Hicho cha mwisho ndicho kinachokosekana mara nyingi, na bila hicho mtu wa TEHAMA anageuka hakimu wa mambo yasiyomhusu.

## Hatua ya 1: Chora jedwali kwenye karatasi

Kaa na meneja na mhasibu. Upande wa kushoto andika vyeo, siyo majina. Juu andika folda. Kwenye kila chumba cha jedwali andika neno moja kati ya matatu: *kusoma*, *kubadilisha*, *hapana*.

Kwa ofisi ya chama cha msingi, mistari ya mwanzo inaweza kuwa hivi:

- Mhasibu: Uhasibu kubadilisha, Mishahara kubadilisha, Wanachama kusoma.
- Karani wa mizani: Uhasibu hapana, Mishahara hapana, Wanachama kubadilisha.
- Mtunza masjala: Uhasibu hapana, Mishahara hapana, Barua kubadilisha.
- Meneja: Uhasibu kusoma, Mishahara kusoma, Wanachama kusoma.

Meneja atauliza kwa nini yeye, mkubwa wa ofisi, anapewa kusoma tu. Mweleze taratibu: virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia vinafanya kazi kwa ruhusa za mtu aliyevifungua. Kila faili ambalo meneja anaweza kulibadilisha, kiambatisho kibaya alichokifungua kwenye barua pepe yake kinaweza kulifunga. Asiyehariri vitabu vya hesabu hana haja ya ruhusa ya kuvihariri. Wengi wakielezwa hivi wanakubali.

Jambo la kushika mwongozo mzima ni hili: ruhusa ni ya kiti, mtu anakikalia tu. Mhasibu akihamia Kaliua, kiti kinabaki pale pale na ruhusa zake zote. Ukiandika jina la mtu moja kwa moja kwenye folda, siku akihama utazunguka folda zote ukimtafuta.

Umefaulu ukiwa na: karatasi isiyo na chumba kitupu, yenye sahihi ya mkubwa chini.

## Hatua ya 2: Andaa seva na domeini

Ipe seva anwani ya IP isiyobadilika. Hapa tutatumia 192.168.10.5. Kwenye sehemu ya DNS ya seva hiyo, yaani huduma inayogeuza majina kuwa anwani za IP, andika anwani yake yenyewe.

Ibadilishe jina kabla hujaipandisha cheo, kwa mfano SEVA01. Majina ya kompyuta yasizidi herufi 15.

Fungua Server Manager, ongeza jukumu la "Active Directory Domain Services", ndilo linaloendesha domeini, halafu ipandishe seva iwe msimamizi wa domeini ("domain controller"). Utaulizwa jina la domeini. Kama ofisi ina jina lake la intaneti, tumia tawi lake: mfano wetu ni `ndani.mfano.co.tz`. Epuka kumalizia na `.local`, kwa sababu baadhi ya vifaa, hasa printa na simu, vinaitumia kwa utaratibu wao mwingine wa kutafutana.

Utaombwa pia nywila ya kurejesha mfumo, inayoitwa DSRM. Hii haitumiki kila siku, na ndiyo maana inasahaulika. Iandike, itie kwenye bahasha, bahasha ifungwe na kuwekwa kwenye sefu la ofisi.

Umefaulu iwapo baada ya seva kuwaka tena, amri `dcdiag` inapita majaribio yake mengi. Makosa machache ya kumbukumbu za mfumo mara tu baada ya kuwasha ni kawaida. Likifeli jaribio lenye neno "Advertising" au "DNS", simama hapo hapo ulitatue.

## Hatua ya 3: DNS, mahali wengi wanapoangukia

Kompyuta haijui kwa asili seva ya domeini iko wapi. Inauliza DNS: "Nani anasimamia ndani.mfano.co.tz?" Swali hilo jibu lake lipo mahali pamoja tu duniani, nalo ni seva yako. Kompyuta ikimuuliza DNS wa mtoa huduma wa intaneti, au 8.8.8.8 ya Google, itajibiwa kwamba hakuna kitu kama hicho.

Katika ofisi nyingi anwani zinagawiwa na ruta iliyofungwa na fundi wa intaneti. Ruta hiyo inaigawia kila kompyuta DNS ya nje, kwa hiyo intaneti inaruka vizuri na domeini haionekani. Una njia mbili:

1. Zima ugawaji wa anwani, yaani DHCP, kwenye ruta, uuwashe kwenye seva.
2. Au ingia kwenye mipangilio ya ruta, na pale palipoandikwa DNS uweke 192.168.10.5 peke yake.

Njia ya kwanza ni bora. Ya pili inafaa kama seva bado huiamini.

Sasa onyo. Usiweke 8.8.8.8 kama DNS ya pili "kwa tahadhari". Watu wanadhani Windows itaigusa pale tu ya kwanza ikifa. Sivyo inavyofanya. Ya kwanza ikichelewa kujibu hata kidogo, kompyuta inaweza kuhamia ya pili na kukaa huko. Ya pili nayo haikosi jibu: inajibu kwa uhakika kabisa kwamba domeini yako haipo, na kompyuta inaamini. Matokeo yake ni tatizo linalokuja na kuondoka, asubuhi folda zinafunguka, mchana hazifunguki, na hakuna anayeelewa. Ukitaka DNS ya pili, weka seva ya pili ya domeini.

Intaneti haitakatika. Kwenye seva, fungua zana ya DNS, nenda kwenye sifa za seva, sehemu ya "Forwarders", na huko ndiko 8.8.8.8 inakostahili kukaa. Kompyuta inaiuliza seva, na seva isichokijua inakiuliza nje.

Umefaulu iwapo kwenye kompyuta ya mfanyakazi, amri hizi mbili zinakujibu hivi:

`ipconfig /all` — mstari wa DNS Servers unaonyesha 192.168.10.5 na si kingine.

`nslookup ndani.mfano.co.tz` — jibu ni 192.168.10.5.

Ikijibu tofauti, usiende hatua ya tano ukitumaini mambo yatajipa. Hayajipi.

## Hatua ya 4: Saa

Domeini inamtambua mtumiaji kwa utaratibu uitwao Kerberos, na Kerberos haivumilii tofauti ya saa inayozidi dakika 5 kati ya kompyuta na seva. Ikizidi, mtu mwenye nywila sahihi anakataliwa, wakati mwingine kwa ujumbe usiotaja saa kabisa.

Kuna mitego miwili.

Wa kwanza ni betri ndogo ya ubao mama, ile CR2032. Ikichoka, kila umeme unapokatika saa ya kompyuta inarudi miaka nyuma. Kompyuta za zamani zilizokaa stoo ndizo zinaongoza. Zima, chomoa waya wa umeme, badilisha betri, rekebisha saa kwenye BIOS, ile mipangilio inayofunguka kabla Windows haijawaka.

Wa pili ni mjanja zaidi. Windows ikisakinishwa bila kuangaliwa mara nyingi inabaki na ukanda wa saa wa pwani ya magharibi ya Marekani. Mfanyakazi anaona saa haiko sawa, anaibadilisha kwa mkono mpaka ifanane na simu yake. Sasa kioo kinaonyesha saa nne asubuhi, kila mtu ameridhika, lakini kwa ndani kompyuta inaamini ni saa nne asubuhi ya *California*. Kerberos inapima saa ya dunia, UTC, wala haitazami kioo. Tofauti ni saa kumi au kumi na moja. Ukiitazama kompyuta kwa macho hutagundua kitu.

Kwa hiyo usiangalie saa peke yake. Andika:

`tzutil /g`

Jibu linatakiwa liwe `E. Africa Standard Time`. Likiwa jingine, andika:

`tzutil /s "E. Africa Standard Time"`

Kisha rekebisha saa yenyewe. Kompyuta ikishaingia kwenye domeini itakuwa inachukua saa kwa seva bila kuambiwa. Seva nayo lazima iwe na pa kuichukulia. Fungua dirisha la amri kama msimamizi kwenye seva:

`w32tm /config /manualpeerlist:"0.africa.pool.ntp.org 1.africa.pool.ntp.org" /syncfromflags:manual /reliable:yes /update`

Umefaulu iwapo `w32tm /query /status` kwenye seva inataja moja ya vyanzo hivyo. Ikikuandikia "Local CMOS Clock", seva bado inajitegemea kwa betri yake.

## Hatua ya 5: Akaunti na makundi

Fungua "Active Directory Users and Computers". Tengeneza chombo ("Organizational Unit") cha ofisi yako, na ndani yake vyombo vitatu: Watumiaji, Kompyuta, Makundi. Usirundike vitu kwenye vyombo vya "Users" na "Computers" vilivyokuja na mfumo, maana sera, yaani mipangilio inayotumwa kwa kompyuta nyingi kwa pamoja (hatua ya 9), hazifungwi kwao moja kwa moja.

Kila mtu akaunti yake. Hakuna akaunti inayoitwa "ofisi" ambayo nywila yake imebandikwa kwenye kioo cha kompyuta. Fedha ikipotea, akaunti ya watu sita haimuonyeshi yeyote.

Makundi yawe ya aina mbili:

- Makundi ya vyeo, aina ya "Global". Mfano: V_Wahasibu, V_Makarani, V_Masjala. Ndani yake wanakaa watu.
- Makundi ya ruhusa, aina ya "Domain Local". Mfano: R_Uhasibu_Kusoma, R_Uhasibu_Kubadilisha. Ndani yake yanakaa makundi ya vyeo. Haya ndiyo yanayoandikwa kwenye folda.

Kwa nini ngazi mbili? Kwa sababu ukimaliza, folda hazitaguswa tena. Mhasibu mpya akija unamweka V_Wahasibu, basi. Meneja akiamua makarani nao wasome hesabu, unaingiza V_Makarani ndani ya R_Uhasibu_Kusoma, basi. Na mkaguzi akiuliza nani anaweza kubadilisha hesabu, unafungua kundi moja na kumsomea.

Wewe mwenyewe uwe na akaunti mbili: ya kazi za kila siku, na ya usimamizi ambayo haifungui barua pepe wala kuvinjari. Akaunti ya usimamizi wa domeini ikinaswa kwenye kompyuta moja yenye virusi, ofisi nzima imekwenda.

## Hatua ya 6: Ingiza kompyuta kwenye domeini

Hakikisha kompyuta ina akaunti ya ndani ya msimamizi ambayo nywila yake unaijua. Siku domeini ikigoma, hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kuingia.

Ipe kompyuta jina la maana, mfano UHASIBU-01, uiwashe upya. Kisha andika `sysdm.cpl`, bofya "Change", chagua "Domain", andika jina kamili, `ndani.mfano.co.tz`. Weka akaunti ya usimamizi. Utakaribishwa, utawasha upya.

Hapa mwandae mtumiaji kabla. Akiingia kwa akaunti mpya ya domeini, atakuta dawati tupu: hakuna faili, hakuna picha ya ukutani, hakuna anwani alizohifadhi. Mama mhasibu akiona hivyo saa mbili asubuhi ya siku ya malipo, presha inapanda. Hakuna kilichopotea. Mafaili yako kwenye `C:\Users`, ndani ya folda yenye jina lake la zamani. Yanakili wewe mwenyewe, akiwa anaangalia.

Jambo jingine: kwa kawaida mtumiaji yeyote wa domeini, hata mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, anaweza kuingiza kompyuta hadi 10. Wachache wanalijua hili. Kwenye seva, washa "Advanced Features" katika menyu ya "View", fungua sifa za domeini, tafuta `ms-DS-MachineAccountQuota`, ubadilishe 10 iwe 0.

Umefaulu iwapo `whoami` inaanza na jina la domeini, na `echo %logonserver%` inataja SEVA01. Ikitaja jina la kompyuta yenyewe, mtu ameingia kwa akaunti ya ndani.

## Hatua ya 7: Funga na fungua folda

Hapa ndipo lile swali la mwanzo linapojibiwa.

Folda ya pamoja ina orodha mbili za ruhusa. Moja iko kwenye "Sharing", inahusu wanaokuja kupitia mtandao. Nyingine iko kwenye "Security", inahusu kila anayeigusa. Windows inazisoma zote mbili na kumpa mtu ile iliyo ndogo zaidi.

Ukishiriki folda bila kugusa orodha ya kwanza, inakuja na "Everyone" mwenye kusoma tu. Kwa hiyo unaweza kumpa mhasibu ruhusa kamili upande wa "Security", na bado akafungua faili lake vizuri, akafanya kazi asubuhi nzima, kisha akashindwa kuhifadhi. Ukisikia "linafunguka ila halihifadhi", angalia "Sharing" kwanza.

Fanya hivi kwa kila folda:

1. Bofya kitufe cha kulia kwenye folda, chagua "Properties", kisha "Sharing", kisha "Advanced Sharing". Weka tiki ya kushiriki. Fungua "Permissions", ondoa "Everyone", ongeza "Authenticated Users", yaani kila aliyeingia kwa akaunti yake, uwape "Change" na "Read". Ongeza pia "Administrators" wenye "Full Control". Usihofu kwamba ni wengi, uchujaji utafanyika upande wa pili.
2. Nenda "Security", kisha "Advanced". Bofya "Disable inheritance", na kati ya machaguo mawili chukua la kugeuza ruhusa zilizorithiwa kutoka folda ya juu ziwe za folda hii yenyewe, usichukue la kuziondoa. Ukiziondoa zote unaweza kujifungia nje wewe mwenyewe.
3. Futa mistari ya "Users". Acha "SYSTEM" na "Administrators".
4. Ongeza R_Uhasibu_Kubadilisha mpe "Modify". Ongeza R_Uhasibu_Kusoma mpe "Read & execute".

"Modify" inatosha kwa mfanyakazi yeyote: anasoma, anaandika, anafuta. "Full Control" inamwongezea uwezo wa kubadilisha ruhusa zenyewe, na hapo jedwali lako lenye sahihi halina kazi tena.

Onyo kuhusu "Deny". Inavutia: unataka wote wasione Mishahara isipokuwa wahasibu, basi unawanyima "wafanyakazi wote". Lakini mhasibu naye ni mfanyakazi, na kunyimwa kuna nguvu kuliko kupewa zikiwa ngazi moja. Mhasibu anafungiwa. Asiyetakiwa kuona hahitaji kunyimwa, inatosha tu asiwepo kwenye orodha.

Onyo kuhusu kuhamisha. Faili *linalonakiliwa* linachukua ruhusa za folda linakofikia. Faili *linalohamishwa* ndani ya diski ile ile linabaki na ruhusa za lilikotoka. Mtu akiburuta barua kutoka Uhasibu kwenda Barua, mtunza masjala ataiona kwa jina tu na haitafunguka. Wafundishe kunakili, kisha kufuta la zamani.

Kama hutaki watu waone hata majina ya folda wasizohusika nazo, kwenye Server Manager, sehemu ya "Shares", fungua sifa za folda uwashe "access-based enumeration". Inapunguza maswali sana. Mtu asiyeiona folda ya Mishahara haulizi kwa nini haifunguki.

## Hatua ya 8: Toka, uingie, ndipo ujaribu

Mtu akiingia kwenye Windows anapewa orodha ya makundi yake wakati huo huo, na anatembea nayo mpaka atoke. Ukimuongeza kwenye kundi saa tano wakati ameingia saa mbili, kompyuta yake haina habari. Kufunga kioo kwa Windows na L hakusaidii. Lazima atoke kwenye akaunti kabisa, aingie upya.

Malalamiko mengi ya "nimempa ruhusa lakini haikubali" yanaishia hapa. Mwambie atoke, aingie, kisha aandike:

`whoami /groups`

R_Uhasibu_Kubadilisha ikiwemo kwenye orodha, tatizo ni la folda. Isipokuwemo, tatizo ni la kundi. Amri moja imekugawia kazi nusu kwa nusu.

Usijaribu kwa akaunti yako ya usimamizi, hiyo inafungua kila mlango. Kwenye "Advanced Security" ya folda kuna kipande cha "Effective Access": andika jina la mtumiaji, mfumo utakuonyesha anachoweza. Kisha jaribu kwa akaunti halisi.

Umefaulu iwapo mhasibu anafungua Uhasibu, anahifadhi faili jipya, analifuta, na karani akijaribu folda hiyo hiyo anakataliwa. Jaribio bila mtu wa kukataliwa halijakamilika.

## Hatua ya 9: Sera chache tu

Kwa kutumia Group Policy, ipe kila kompyuta herufi ya folda za pamoja, mfano P:, na kufunga kioo chenyewe baada ya dakika kumi. Ishie hapo kwanza. Sera zinafika kwenye kompyuta kila dakika 90, pamoja na nyongeza ya bahati nasibu isiyozidi 30. Ukitaka haraka, `gpupdate /force`. Ukitaka kujua ipi imefika, `gpresult /r`.

## Hatua ya 10: Uhamisho, likizo na kukaimu

Mtu akihama, zima akaunti yake, usiifute. Kila akaunti ina namba yake ya ndani, SID, na folda zinaikumbuka namba, hazikumbuki jina. Ukifuta akaunti kisha ukatengeneza nyingine yenye jina lile lile, kwa Windows huyo ni mtu mwingine kabisa. Ukiona kwenye folda mstari unaoanza na `S-1-5-21`, kuna akaunti iliyofutwa ambayo iliandikwa moja kwa moja. Kabla yajakukuta, washa "Active Directory Recycle Bin", ili kilichofutwa kwa bahati mbaya kirudi na namba yake.

Anayekaimu anaingizwa kwenye kundi la cheo kwa barua, na tarehe ya kumtoa inaandikwa kwenye kalenda siku hiyo hiyo. Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, wawe wa Chuo cha Utumishi wa Umma cha Tabora mjini au kwingine, wape akaunti zenye tarehe ya mwisho kwenye kipande cha "Account expires". Zitajifunga zenyewe.

Maombi ya mdomo yatakuja, tena kwa heshima zote. "Mwanangu, nifungulie Mishahara mara moja tu, naangalia kitu kidogo." Jibu: "Shikamoo mama. Nakufungulia sasa hivi, meneja akinitumia ujumbe." Humkatalii, unampeleka kwa mwenye mamlaka. Na una sheria nyuma yako: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaitaka ofisi ilinde taarifa za watu inazozishika, na mshahara wa mtu ni mojawapo.

Anayeachishwa kazi kwa ugomvi, zima akaunti na chukua laptop. Windows inakumbuka walioingia hivi karibuni, kwa kawaida hadi 10, ili waweze kuingia hata seva ikiwa mbali. Akiwa nyumbani bila mtandao, akaunti uliyoizima itamfungulia ile laptop kama kawaida.

## Kompyuta ikisema uaminifu umevunjika

Ujumbe unataja "trust relationship" kushindikana. Kompyuta nayo ina nywila yake kwa domeini, inaibadilisha yenyewe kila siku 30. Mtu akiirudisha kompyuta nyuma kwa nakala ya zamani au "System Restore", inarudi na nywila ya zamani, seva inaikataa. Kompyuta kuzimwa miezi miwili peke yake si sababu, kwa kuwa kompyuta ndiyo inayoanzisha badiliko, na ikiwa imezimwa hakuna kinachobadilika.

Si lazima uitoe na kuirudisha kwenye domeini. Ingia kwa ile akaunti ya ndani ya msimamizi, fungua PowerShell kama msimamizi:

`Test-ComputerSecureChannel -Repair -Credential (Get-Credential)`

Andika akaunti ya usimamizi wa domeini. Ikijibu `True`, toka na uingie. Ikigoma, rudi ukague DNS na saa kabla ya kitu kingine chochote.

## Nakala

Seva ya domeini ikifa bila nakala, hurejeshi faili tu: unatengeneza upya kila akaunti, kila kundi, kila ruhusa, na kuingiza kila kompyuta upya. Sakinisha "Windows Server Backup", chomeka diski ya nje, tuseme ni E:, na kila Ijumaa endesha:

`wbadmin start systemstatebackup -backupTarget:E:`

Amri hii inahifadhi domeini, makundi na akaunti. Mafaili ya folda za pamoja yanataka nakala yake ya pembeni. Ikimaliza, chomoa diski uifungie kwenye sefu, ilipo ile bahasha. Diski inayobaki imechomekwa itafungwa na virusi pamoja na seva, na msimu wa mvua radi za Tabora hazichagui kilichochomekwa.

Ofisi ikiwa na zaidi ya kompyuta kumi, weka seva ya pili ya domeini, hata kama ni mashine ya kawaida yenye RAM ya kutosha na leseni yake, na iwe DNS ya pili ya kila kompyuta. Nakala za zaidi ya siku 180 usizirejeshe kwenye domeini inayofanya kazi, kwa sababu huo ndio muda wa kawaida ambao domeini inakumbuka vilivyofutwa.